Kopo la herufi za babu

Bibi aliniita mwezi wa nne mwaka juzi nikamsaidie kuhamisha vitu vya chumba cha uani, paa lilikuwa linavuja na masika ndo kwanza yanaanza, na kule kwake Ngamiani maji yakishaingia ndani yameingia, hayana haraka ya kutoka. Chini ya kitanda cha kamba nikakuta kopo la biskuti, yale makopo ya bati ya mraba ya zamani, kona zimeshika kutu, zito balaa. Nikajua misumari. Kufungua, vipande vya bati vimepangwa kama karata, kila kipande kimetobolewa herufi moja, A, D, E, G, na kingo zake zimegandiwa na rangi nyeusi nene kama kucha. Nikamuuliza bibi hivi ni vitu gani, akajibu hata bila kugeuka, "Hizo kazi za babu yako hizo. Ziweke vizuri, usinichanganyie."

Nikakaa chini palepale kwenye sakafu yenye maji. Mi kazi yangu ni grafiki, nadizaini logo, lebo, mabango, kadi za harusi, kalenda za maduka, naifanya hapa hapa Tanga mwaka wa tisa sasa, na ninachokipenda kuliko vyote kwenye kazi hii ni vitu vya kizamani, herufi za kizamani, michoro ya kizamani, namna karatasi ilivyokuwa inapokea wino. Na miaka yote hiyo kopo lilikuwa chini ya kitanda nilichokilalia utoto wangu mzima.

Babu sikumjua sana, alifariki nikiwa darasa la pili. Nilichokuwa najua ni kwamba alifanya kazi shamba la mkonge, basi, kama babu za nusu ya watu wa Tanga. Siku ile ndo bibi akanieleza kuwa alianza kama mkata mkonge mwaka 1958, mgongo ukamsumbua, akahamishiwa ghalani kupiga chapa marobota. Yaani katani ikishakauka na kupigwa brashi inashindiliwa inafungwa robota, halafu anakuja mtu na bati lenye herufi na brashi ya rangi, anaandika ubavuni alama ya shamba, gredi, na namba. Gredi ya kwanza, A, 3L, UG, kila moja na bei yake, kwa hiyo ukikosea herufi moja umekosea pesa. Huyo mtu alikuwa babu, na mabati alikuwa anayakata mwenyewe kwa patasi.

Nikafikiria ukubwa wa jambo hilo. Mkonge wenyewe uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, miche 1,000 kutoka Florida, ikafia njiani karibu yote, ikabaki 62 tu, ndo ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Kutoka kwenye hiyo 62, mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za katani. Piga hesabu, robota moja kilo 250, tani moja marobota manne, hiyo ni zaidi ya marobota laki tisa kwa mwaka mmoja na kila moja lina maandishi ya mtu ubavuni. Ulaya, Marekani, kokote meli ilikokwenda, kuli wa bandari ya huko alikuwa anasoma mwandiko wa mtu wa Tanga. Sisi tunaosomea grafiki hatujawahi kuambiwa hilo. Tunaambiwa habari za mabango ya Paris na masanduku ya matunda ya California, ni kazi nzuri zile, nazipenda kwa moyo wote, ila kuna laki tisa zetu hapa hazikutajwa hata kwa sentensi moja.

Sasa niseme nilikuwa natengeneza nini kabla ya lile kopo. Mwaka 2019 kuna dada mmoja anauza viungo, anavitoa Amani kule juu Muheza, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, akaniomba lebo "ya kizamani". Nikafurahi kweli. Nikaingia intaneti nikashusha fonti, yaani seti ya herufi za kompyuta, nikatengeneza duara lenye mishale miwili iliyopishana, utepe chini, mwaka wa kuanzishwa umegawanywa kushoto 20 kulia 19, juu yake nikaweka picha ya karatasi iliyochanika na madoa ya chai ili ionekane imechakaa. Nilikaa siku nne. Tukachapa lebo 500. Mama yake akaiangalia akasema, "Mwanangu, mishale ya nini? Nyie ni wawindaji?" Mi nikaona mama haelewi mambo ya dizaini. Baada ya miezi miwili yule dada akanitumia picha ya pakiti ya kahawa aliyoikuta dukani Dar, ya watu wengine kabisa, duara lile lile, mishale ile ile, fonti ile ile. Hakuna aliyemwibia mwenzie, wote tulichota kisima kimoja. Hakunilaumu ila niliumia sana, kwa sababu mama alikuwa ameuliza swali la msingi na sikuwa na jibu. Mishale ya nini? Kule ilikotoka pengine ilikuwa na maana yake. Kwenye iliki ya Amani haikuwa na kazi yoyote.

Kwa hiyo nilipoliona lile kopo nilijua kabisa nimeshika nini.

Nikayabeba mabati nyumbani kwangu (baada ya kumwahidi bibi mara tatu kuwa yatarudi), nikayahesabu, yako 19 ya herufi na 7 ya namba. Nikayalaza kwenye skana moja moja nikaanza kuyachora upya kwenye kompyuta niyafanye fonti. Hapo ndo shule ilipoanza. Nikivuta picha karibu naona herufi O ya babu si duara. Ukiwa mbali ni duara safi kabisa, ukisogea unakuta ni vipande vifupi vilivyonyooka, kumi na mbili, vimeungana. S nayo hivyo hivyo. Nikawa nanyoosha, nalainisha, naweka mikunjo mizuri ya kompyuta, na kila nikilainisha herufi inazidi kuwa ya mtu mwingine. Nikafuta nikarudia. Nikalainisha tena, ikaharibika tena. Siku ya tatu ndo nikaelewa, patasi ni chuma kilichonyooka, haiwezi kukata mkunjo, inakata kidogo unageuza kidogo, inakata kidogo unageuza kidogo. Umbo la ile O limetokana na upana wa patasi ya babu. Halikuwa pambo.

Halafu kuna vidaraja. Herufi ya stensili, yaani ya kutobolewa kwenye bati kama hizi, ikiwa na tumbo, kama A, B, D, O, R, ukiikata tu tumbo linadondoka, lazima uache kipande kidogo cha bati kinachoshikilia katikati na nje. Kwenye fonti za stensili unazoshusha mtandaoni vidaraja vimewekwa katikati kabisa, juu na chini, vimelingana, vinapendeza. Vya babu haviko hivyo, vyote vimeegemea kushoto kidogo na vimepinda. Nilidhani ni makosa ya mkono. Nilikuja kuelewa baadaye, nitasema.

Kitu kingine kilichonishika ni nafasi kati ya herufi na herufi. Mtu ambaye si wa kazi hii pengine haoni lakini naomba anivumilie hapa. Kiswahili kimejaa A, na kimejaa W, Y, T, K, V. Andika kwa herufi kubwa WAKATI, andika TAWAKALI, andika MWAKA WA YAYA, uone. W na A zikikaa jirani kunatokea pengo la pembetatu katikati, T na A hivyo hivyo, Y na A ndo usiseme, neno linakuwa kama mdomo ulio na mapengo. Fonti nyingi tunazotumia zimetengenezwa na watu ambao lugha zao hazina hizi jozi kwa wingi kama sisi, wamezirekebisha hizo jozi ndiyo lakini kwa kuonja tu, kwa Kiingereza zinatokea mara mojamoja, kwetu ni kila neno. Enzi za herufi za risasi, zile za chuma zilizokuwa zinapangwa moja moja kuchapia, ilikuwa ngumu zaidi. Gazeti la Kiongozi lilikuwa likitoka hapa hapa Tanga tangu 1904, Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na herufi ya risasi imekaa juu ya kijimchemraba chake cha chuma, mpangaji akitaka A iingie chini ya bawa la W inabidi ashike tupa akwangue chuma chenyewe. Nikimfikiria huyo mtu na tupa yake namheshimu.

Waandika mabango wa mkono wao hawakuwa na kifungo hicho. Nilianza kutembea na baiskeli asubuhi mapema kabla maduka hayajafungua milango, maana mlango wa duka ukifunguliwa bango la zamani linafunikwa na matenga na ndoo, nikawa napiga picha Ngamiani kuanzia Barabara ya 1 nikipanda namba, kisha nikaingia zile za katikati ya mji kwenye majengo ya zamani ambayo jina na mwaka vimeandikwa kwa saruji kwenye paji la nyumba. Nenda ukaangalie A zinavyoingia chini ya T. Zinaingiana kama watu wamekaa kwenye daladala, kila mtu kampisha mwenzie bega. Aliyeandika alikuwa anasoma Kiswahili kichwani wakati anaandika, ndo maana. Fundi wa namna hiyo mpe herufi yoyote ataipa nafasi yake. Na mengi yanafutwa, kampuni za simu na za vinywaji zinapaka ukuta bure rangi zao na mwenye duka anashukuru kwa kupata rangi mpya, simlaumu, ila nimepiga picha 140 na kati ya hizo 20 na kitu ukuta wake umeshapakwa. Naumia nikipita.

Chini ya mabati kwenye lile kopo kulikuwa pia na bahasha moja, haina barua, ina stempu tu. Ni ya senti 5 ya mwaka 1965, mchoro wake ni mitambo ya umeme ya Hale, Hale hii hii yetu ya njia ya Korogwe. Bluu na rangi ya machungwa, basi. Eneo lenyewe halifiki upana wa vidole viwili vya mkono na mtu amekuwekea humo mradi mzima wa umeme wa maji, jina la nchi, na bei. Nikajiuliza mimi na rangi zangu milioni 16 za kompyuta mara ya mwisho kufanya kazi iliyoshiba hivyo kwa rangi mbili ni lini.

Tukiongelea rangi chache siwezi kumruka Edward Saidi Tingatinga. Watu wanamjua kwa michoro ya maduka ya watalii, michoro ya chui na ndege, lakini wachache wanajua kwamba kabla ya Dar alipita mashamba ya mkonge ya Tanga miaka ya 50, kibarua, kama babu yangu tu. Alianza kuchora mwaka 1968 akafariki 1972, miaka minne, na katika hiyo miaka minne akaacha mtindo wenye jina lake. Alichorea nini? Vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli. Ile rangi inang'aa, ni nzito, haipendi kuchanganywa taratibu kama ya maji, ndo maana mnyama wake ana mpaka mkali na rangi imelala moja kwa moja bila kivuli. Mtu leo anachukua chui wa Tingatinga anampitisha kwenye programu anamwekea vivuli na mng'ao wa bandia, anasema ameboresha. Hapana jamani. Umbo lile limezaliwa na kopo la rangi ya baiskeli kama O ya babu ilivyozaliwa na patasi, na hii ndo sababu siku hizi nakataa kazi ya kumwekea mtu madoa ya chai juu ya lebo. Zamani haikuwa madoa. Madoa yamekuja baadaye, yule fundi alipoikabidhi kazi ilikuwa mpya, safi, inanukia rangi, na aliipa umbo lile kwa sababu chombo chake na wino wake na mfuko wa mteja wake viliruhusu hivyo na si vinginevyo.

Kanga nayo. Kila mtu ataniambia habari ya kanga kwa hiyo sitakaa sana hapo, ila nimekuwa naitazama kama ukurasa. Pindo, mji, jina. Pindo inazunguka pande zote nne, mji unabeba mchoro mkubwa, jina linakaa chini ya mji katikati, mstari mmoja, herufi kubwa. Mpangilio huo umepita kwenye mikono ya wachapaji wa Uholanzi, India, Japani, kisha viwanda vyetu wenyewe, jina limehama kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kirumi, na bado mwanamke wa Tanga akiitandaza dukani jicho linajua pa kuanzia na pa kumalizia. Nilichukua kanga ya bibi iliyoandikwa WEMA HAUOZI nikapima kwa rula uhusiano wa pindo na mji nikautumia kwenye lebo yangu, pindo pana kuliko kawaida, jina chini. Yule dada wa viungo nilikuwa nimemwambia nitamtengenezea lebo mpya bila malipo. Ni deni nililojiona ninalo.

Sasa nikaja kwenye tatizo. Kwenye mabati 19 ya babu hakuna P wala Z. Bila P huandiki PILIPILI MANGA, na bila Z huandiki TANGAWIZI, na dada anauza vyote viwili. Nikafanya ujanja ambao kila mtu wa fonti ameshaufanya, nikachukua R nikakata mguu nipate P. Ikawa mbaya. Tumbo la R ni dogo kwa sababu linaacha nafasi ya mguu, ukiondoa mguu herufi inabaki na kichwa kidogo na chini utupu. Nikalikuza tumbo, vile vipande vya patasi vikakuzwa navyo, havikulingana tena na wenzao. Wiki nzima.

Mwisho nikaenda kwa fundi bati mmoja mzee, anatengeneza majiko na makarai, nikamwamkia nikamwonyesha R nikamwomba anikatie P ya ukubwa ule ule. Akaigeuza ile R akaikagua upande wa nyuma, akasema, "Binti, aliyekata hii alikuwa wa mkono wa kushoto." Nikamwuliza amejuaje. Akaweka bati juu ya gogo, akashika patasi kama ilivyo kawaida akanionyesha pigo linavyoinamia huku, kisha akahamisha mkono, pigo likainamia kule, sawasawa na vidaraja vya babu. Ndo maana vimeegemea kushoto na vimepinda. Unamalizia kukata pale mkono unapochoka kugeuka, na unapomalizia ndipo unapoacha kidaraja. Nilikuwa nimeshaanza kuvinyoosha kwenye kompyuta. Jioni nikampigia bibi, nikamwuliza babu alikuwa akitumia mkono gani, akanyamaza kidogo akasema alikuwa anakula kwa kulia kwa adabu, lakini kazi zote alifanya kwa kushoto, na we nani kakwambia?

Mzee hakunikatia P. Alinipa gogo na patasi akaniambia nikate mwenyewe yeye ananisimamia, kwa sababu yeye ni wa kulia na P yake itakaa kama mgeni. Mi ni wa kushoto. Nilikata nne, tatu nikazitupa, ya nne ikakubali. Kidole cha gumba kilivimba siku mbili.

Lebo tumechapa mwezi wa tisa. Kiwanda kimoja cha chapa nilichokipelekea kwanza kilinitolea nyeusi iliyochanganywa kwa rangi zote nne, na rangi zikaruka kidogo tu, nusu milimita, kila herufi ikawa na kivuli chekundu upande mmoja na samawati upande mwingine, vidaraja vikazibwa vyote. Nikachukua faili langu nikaenda kwa vijana wa skrini printi wanaochapa fulana za timu, karatasi ya kaki, wino mmoja mweusi, kila lebo inavutwa kwa mkono. ILIKI. MDALASINI. KARAFUU. PILIPILI MANGA. Nyingine wino umeshika zaidi nyingine umepungua, na ndivyo inavyotakiwa kuwa maana mkono ndo uliovuta. Mama yake yule dada aliishika muda mrefu, hakuuliza kitu, akaweka pakiti tatu kwenye mkoba wake.

Na bibi yangu nikampelekea ya kwake. Haoni vizuri siku hizi, aliisogeza karibu kabisa na dirisha, akapitisha kidole kwenye herufi moja moja kama anazihesabu, akafika kwenye P akasimama.

"Hii si yake."

"Hiyo ni yangu bibi."

"Eeh." Akaendelea na I.

Tangawizi bado haina lebo. N ukiilaza unapata kitu kinachofanana na Z lakini ni kifupi na kimepanuka, nimejaribu, haifai, na P moja inatosha, sitaki fonti ya babu iwe na herufi zangu nyingi kuliko zake. Juzi bibi kakumbuka kwamba babu alipostaafu makopo yalikuwa mawili, moja alichukua shangazi akawekea vifungo na nyuzi, analo mpaka leo Pongwe. Nimempigia shangazi. Anasema kweli liko, na chini ya vifungo kuna vyuma vyuma hivi, hajui ni vya nini. Jumamosi naenda.